Somo: Jinsi ya kuzisoma riwaya za Star Wars za Timothy Zahn bila kujiharibia utamu

Wakuu, ukitafuta orodha ya riwaya za Timothy Zahn utakuta nyingi zimepangwa kwa miaka ya ndani ya hadithi, kisa cha zamani zaidi kikiwa juu. Zinapendeza kwa macho. Mimi niliifuata mojawapo, nikaanza na Outbound Flight, na nilipofika kwenye trilojia ya kwanza fumbo lake kubwa nilikuwa nimeshalijua. Kosa langu mwenyewe. Kwa hiyo: zisomeni kwa mpangilio wa kuchapishwa.

Hatua ya 1: filamu tatu, basi

Tazama zile za 1977, 1980 na 1983. Zahn hakurudishi nyuma kukueleza Han Solo ni nani. Filamu za baadaye zisubiri, maana alipoanza kuandika hazikuwepo, na ukizibeba kichwani utamlaumu kwa mambo yasiyo yake.

Hatua ya 2: trilojia yenyewe (hapa tuliza akili)

Heir to the Empire (1991), Dark Force Rising (1992), The Last Command (1993). Ni miaka mitano hivi baada ya filamu ya tatu. Dola imebaki vipande, Jamhuri Mpya inajikongoja, na mabaki ya jeshi la Dola yanapata kamanda mpya: Admeri Mkuu Thrawn, ngozi ya buluu, macho mekundu. Hana Nguvu (the Force, ule uwezo wa ajabu wa mashujaa wanaoitwa Jedi) wala upanga wa mwanga. Anachofanya ni kukaa chumbani akitazama sanaa ya watu anaokwenda kupigana nao, mpaka ajue wanavyofikiri na wapi hawaoni.

Zoezi: kila Thrawn anapokodolea macho sanamu au mchoro, funga kitabu ubashiri atakachofanya. Mara nyingi utakosea, lakini ukirudi nyuma utakuta dalili zilikuwa wazi mbele yako. Tunamwona zaidi kwa macho ya Kapteni Pellaeon, nahodha wa meli yake, ambaye naye anajifunza kama sisi, na hiyo ni mbinu nzuri sana. Tungeingia kichwani mwa Thrawn moja kwa moja, kusingebaki siri.

Jambo la pili la kuangalia ni ysalamiri. Ni viumbe kama mijusi, wanaishi mitini kwenye sayari ya Myrkr, na kila mmoja huzungukwa na kiputo ambamo Nguvu haifanyi kazi. Jedi akiingia humo ni mtu wa kawaida tu. Zahn alisomea fizikia hadi shahada ya pili, na mwaka 1984 alipata Hugo, tuzo ya hadithi za kubuni za kisayansi, kwa Cascade Point kabla hajagusa ulimwengu huu. Mafunzo hayo yanaonekana hapa: badala ya kumuumba adui mwenye Nguvu kubwa zaidi, ameweka kanuni yenye mipaka inayojulikana, kisha akawaacha wahusika waizunguke. Kiputo kina ukubwa wake, mnyama lazima abebwe, na akifa kinatoweka naye. Mapigano mengi ya trilojia yanategemea vitu vidogo kama hivyo.

Tatu, angalieni kwa makini tahajia ya jina la yule Jedi mzee, Joruus C'baoth. Sisemi zaidi.

Kasoro zipo. C'baoth anafoka mno, na karibu kila mhusika huongea kama mtu aliyekwisha kupiga hesabu za hatua tatu mbele, hata wasafirisha magendo. Ila Talon Karrde, bosi wa magendo, na Mara Jade, mwanamke anayefanya kazi kwake, wanalipa deni lote hilo.

Hatua ya 3: vitabu viwili vya kufungia

Specter of the Past (1997) na Vision of the Future (1998). Pellaeon sasa ndiye mkuu wa mabaki ya Dola na anataka amani. Cha pili ni kinene, usikikimbilie usiku mmoja.

Hatua ya 4: kurudi nyuma

Survivor's Quest (2004), kisha Outbound Flight (2006), kwa mpangilio huo huo. Safari ya Outbound Flight ilitajwa kwa kupita tu tangu trilojia ya kwanza, na ukiifikia mwishoni unasoma ukijua inakoelekea lakini hujui ni kwa njia gani. Ndiyo raha yake. Allegiance (2007), Choices of One (2011) na Scoundrels (2013) ni za hiari.

Hatua ya 5: nyumba mpya

Aprili 2014 riwaya zote hizo ziliwekwa kando chini ya jina Legends, yaani si historia rasmi tena. Thrawn akarudishwa kwenye katuni ya Rebels mwaka 2016, na Zahn akaitwa amwandike upya: Thrawn (2017), Alliances (2018), Treason (2019), halafu trilojia ya Ascendancy (2020 hadi 2021). Mtu ni yule yule, maisha ni mengine. Usijaribu kuziunganisha nyumba hizi mbili, utaumwa kichwa bure.

MASWALI YA WADAU

Mkuu, mimi nimemjua Thrawn kwenye tamthilia ya Ahsoka tu. Lazima nirudi 1991?
Si lazima. Yule wa 2023 anatoka nyumba mpya, kwa hiyo Thrawn ya 2017 inakutosha. Humo kuna kijana Eli Vanto anayefanya kazi ile ile ya Pellaeon: kuwa macho yetu.

Shukrani kwa somo. Mbona Vita vya Makloni kwenye trilojia havifanani na vya kwenye filamu?
Kwa sababu mwaka 1991 kilichokuwepo ni kutajwa tu kwenye filamu ya 1977. Zahn alikisia. Filamu zenyewe zilikuja kati ya 1999 na 2005. Lakini si yote yaliyotupwa: jina Coruscant la sayari ya mji mkuu ni lake, na filamu zikalichukua.

Mara Jade yumo kwenye vitabu vipya?
Hayumo. Zahn ndiye aliyemuumba, lakini ukiandika kwenye ulimwengu wa watu, mhusika anabaki kuwa mali ya mwenye ulimwengu. Hata huko Legends waandishi wengine walimtumia na kumwamulia mambo, moja likiwa la mwaka 2007 ambalo mashabiki wake hawajalisamehe hadi leo. Usilitafute kabla ya kumaliza Hatua ya 3.

Ascendancy imenishinda. Majina hayashikiki kabisa!
Kuna ufunguo. Jina kamili la Mchiss (mtu wa jamii ya Thrawn) lina sehemu tatu, ya kwanza ikiwa ya familia, na jina fupi hukatwa katikati yake. Mitth'raw'nuruodo: chukua th, raw, n, unapata Thrawn. Mitth'ali'astov: th, ali, as, ni Thalias. Andika ukoo wa kila mtu pembeni kwa kurasa hamsini za mwanzo, maana siasa zote za humo ni za familia.

Nikiwa na nafasi ya kitabu kimoja tu maishani?
Heir to the Empire haimaliziki peke yake, itakuacha njiani. Chukua Scoundrels: Han, Lando na Chewbacca wanakusanya kundi la kwenda kuvunja sefu. Thrawn hutamwona, lakini soma ukurasa wa mwisho kabisa taratibu.