SOMO: Kutengeneza kipindi cha maongezi sebuleni, wachekeshaji mkiongelea mambo mazito bila kuharibu

Wakuu salaam. Watu kadhaa wamenifuata inboksi wanauliza tunafanyaje kile kipindi chetu, wachekeshaji watatu na mgeni mmoja kwenye kochi, tunaongelea vitu ambavyo watu wamezoea kuviongea kwa kunong'ona: sonona, kupigwa kwenye ndoa, ulevi, madeni, kudhalilishwa mtandaoni. Nimeona nishushe somo hapahapa maana kumjibu kila mtu peke yake nimechoka. Mimi sio mtaalamu, nimeharibu mara nyingi tu na moja nitawasimulia.

Kwanza niwatoe wasiwasi wale wa "mpaka nipate studio". Bassem Youssef wa Misri alikuwa daktari wa upasuaji wa moyo, mwaka 2011 akaanza kurekodi vichekesho vyake vya siasa kwenye chumba cha kufulia nguo nyumbani kwake Kairo. Meza, kiti, kamera moja, ukutani kabandika picha za Tahrir, ule uwanja wa maandamano, basi. Ndani ya miezi michache akawa anaangaliwa na mamilioni, TV zikamfuata zenyewe. Kwahiyo tusiongelee studio leo.

Hatua ya 1: Mada iwe nyembamba

"Ulevi" sio mada, hiyo ni bahari. "Baba anakuja kwenye harusi yangu na najua atalewa, nifanyeje" hiyo ndo mada. Mada pana inazaa hotuba, na mchekeshaji akishaanza kuhutubia kaisha, hata mama yake anazima.

Hatua ya 2: Amueni mnamcheka nani

Hapa kaeni sana, hata siku mbili. Sisi tunachukua kila utani tulioandika, pembeni yake tunaandika kwa peni nani anachekwa kwenye huu utani. Mara nyingi utashangaa, ulidhani unamcheka mnyanyasaji kumbe unamcheka aliyenyanyaswa.

Mfano tulifanya epsodi ya madeni. Utani wa kwanza mwenzetu mmoja alileta ulikuwa wa jamaa anayedaiwa anajificha chini ya kitanda, miguu inaonekana. Unachekesha, sikatai, ila pembeni tukaandika "mdaiwa", na mtu anayedaiwa akiangalia usiku peke yake anacheka alafu anajiona mjinga. Tukauacha. Ukaja huu: "Ile programu ya mkopo inawajua ndugu zangu kuliko mimi. Mjomba ambaye hatujaongea miaka sita kanipigia, nikasema leo kanikumbuka, kumbe katumiwa meseji kwamba mimi mdaiwa sugu. Angalau ukoo umerudi kuongea." Hapo pembeni tukaandika "programu", na kidogo "mimi mwenyewe". Huo ukabaki na ndo watu walioushea kuliko vyote.

Na angalia anayeusema. Ule wa chini ya kitanda ungesemwa na aliyewahi kujificha kweli ungekuwa utani mwingine kabisa, maana yeye anajicheka na ana haki hiyo. Wewe uliyelala kitandani juu huna.

Hatua ya 3: Mgeni

Kutaneni naye kabla, bila kamera, bila kurekodi hata sauti. Muulize vitu vitatu: nini hutaki kuulizwa, nani nyumbani kwenu ataumia akisikia haya, na ukibadili mawazo tutajuaje. Mwambieni wazi kwamba mpaka siku ya kupandisha video akisema toa kipande fulani kinatoka, haulizwi kwa nini. Pia wekeni ishara. Kwetu mgeni akigeuza kikombe kikaangalia chini tunahama swali, mtazamaji hata hajui.

Sasa niwasimulie nilipoharibu. Epsodi ya mwanzomwanzo tulikuwa na mgeni anasimulia alivyolelewa na baba asiyeongea naye, akasema "kuna siku nilipata homa kali, alikuja akasimama mlangoni, akaniangalia, akaondoka." Kabla hajavuta hata pumzi mwenzangu akadaka: "labda alisahau wewe ni wa ngapi." Sote tulicheka, na mgeni pia alicheka, ndo maana hatukushtuka. Nilikuja kushtuka usiku naediti. Kabla ya ule utani majibu yake yalikuwa marefu, anakunja miguu kwenye kochi, anaiga sauti za watu. Baada ya ule utani ni "ndiyo", "hapana", "kawaida tu", na miguu ameshusha chini kama mtu anayesubiri basi. Nikarudisha nyuma mara kama nane naangalia ule uso, anacheka mdomo tu. Ile epsodi hatukuitoa, tulimpigia tukaomba radhi, akasema hamna shida kwa sauti ileile ya "kawaida tu".

Tangu hapo tuna sheria moja isiyovunjwa: mgeni akisema kitu kizito, kila mtu anahesabu kimoyomoyo mpaka tano ndo afungue mdomo. Mara ya kwanza inauma jamani, mchekeshaji kukaa kimya sekunde tano mbele ya kamera ni kama kushika kikaango cha moto. Ila angalieni kinachotokea, mara nyingi mgeni mwenyewe ndo anavunja ukimya kwa utani, na utani wake unakuwa mkali kuliko wetu sote watatu, maana umetoka kwa mwenye kidonda. Na asipotania ataendelea kusimulia, hapo ndo anatoa ile sentensi ambayo kwa kawaida hatoi.

Hatua ya 4: Skripti

Msiandike maongezi, andikeni vituo. Mnaanzia wapi, mnapita wapi, mnashukia wapi. Utani wa mwanzo uandikwe neno kwa neno, wa katikati uje wenyewe. Alafu mmoja wenu apewe kazi ya mwenye karatasi: takwimu, sheria, tarehe viko kwake, na ana ruhusa ya kumkatisha mtu yeyote akidanganya. Mchekeshaji akinogewa anatunga namba, najijua. Sasa kwenye utani wa mbuzi sio tatizo, kwenye mambo ya afya mtu ataishika ile namba kama kweli.

Hatua ya 5: Vifaa, haraka haraka

Sauti kwanza, picha baadaye. Picha mbaya watu wanavumilia, sauti mbaya wanaondoka. Maiki ya kubana kwenye nguo iwe kama shibiri moja chini ya kidevu, na nywele au mkufu visiiguse. Zimeni feni na friji. Ukizima friji weka funguo zako za nyumba ndani ya friji, hivyo huwezi kuondoka bila kuiwasha. Mapazia, mazulia, hata godoro lililosimamishwa nyuma ya kamera linakula mwangwi.

Mkijaribu sauti msijaribu kwa "moja mbili moja mbili", jaribuni kwa kucheka, tena kwa nguvu. Wachekeshaji wakicheka sauti inapaa inapasuka, na ikishapasuka hairekebishiki. Kipimo cha sauti mkiongea kawaida kicheze karibu na -12 dB (desibeli), kicheko kibaki na nafasi ya kupanda.

Simu mbili zinatosha, moja iangalie kochi zima, nyingine uso wa mgeni. Zote ziwe na fremu sawa kwa sekunde, 25 au 30, msichanganye. Wekeni hali ya ndege. Mkishawasha zote, mmoja apige kofi moja mbele ya kamera, hilo kofi ndo litawasaidia kulinganisha sauti na picha wakati wa kuediti. Mwanga wa dirisha uwapige usoni, sio mgongoni. Imetosha.

Hatua ya 6: Kuediti

Ile sekunde tano ya ukimya usiikate. Najua mkono utawasha, kila anayefundisha kuediti mtandaoni anasema kata pumzi, kata ukimya, video itembee. Kwenye kipindi cha aina hii ukimya ndo nyama. Na sauti za kicheko za kubandika sahau kabisa, unakuwa unamwambia mtazamaji acheke kwenye stori ya mtu aliyepigwa.

Klipu fupi ndo zinaleta watu na ndo zinaleta balaa. Kabla ya kuitoa mpe mtu ambaye hajaona kipindi aangalie zile sekunde 30 tu, alafu muulize "hapa nani kachekwa?" Akikujibu jina la mgeni, futa.

Hatua ya 7: Kupandisha

Semeni mwanzoni kabisa mada ni nini ili asiyeweza asiingie. Kwenye maelezo wekeni namba za msaada za mahali mlipo, mzipige wenyewe kwanza kuhakikisha zinapokelewa. Kama ni YouTube wekeni alama za muda: ya kwanza lazima iwe 0:00, ziwe angalau tatu, kila kipande kisipungue sekunde 10. Hiyo inamsaidia mtu kuruka sehemu asiyoiweza akaja kumalizia mbele. Komenti za siku mbili za mwanzo mmoja wenu azilinde, mgeni wenu anazisoma zote, msijidanganye.

Karibuni maswali.

MASWALI YA WADAU

Swali: Asante kwa somo mkuu. Mimi niko peke yangu, sina wenza wala kochi. Naweza?

Jibu: Unaweza ila usihutubie. Tafuta mgeni kwa njia ya simu, kila mtu arekodi upande wake kwa simu yake kisha akutumie faili, usitegemee sauti ya mtandao maana inakatikakatika na utani unakufa ukichelewa hata nusu sekunde. Hapo hesabu mpaka saba, ukizingatia mtandao wenyewe.

Swali: Samahani mkuu ila naona mnawalea watu. Komedi haina mipaka, mchekeshaji akianza kuhesabu mpaka tano si bora awe mchungaji. Mkitaka kupendwa na kila mtu uzeni aiskrimu.

Jibu: Hiyo ya aiskrimu naiiba. Ila ndugu yangu sijasema mada gani isiguswe, tunagusa vitu ambavyo wengi wanavikwepa. Nilichosema ni utanie wakati gani. Hata jukwaani ukiongea kwa haraka bila kupumzika kabla ya kumalizia hakuna anayecheka, hilo unalijua. Mwenzangu angesubiri pale, huenda angepata utani mkali zaidi wa yule baba wa mlangoni. Alicheza karata mapema.

Swali: Kuna rafiki yetu wa kundi alijiua mwaka jana. Tunataka kumfanyia epsodi, alikuwa mcheshi kuliko sisi wote. Tunaanzia wapi?

Jibu: Poleni sana. Anzieni kwa familia yake, wakisema hapana ni hapana. Shirika la Afya Duniani lina mwongozo kwa wanaoripoti mambo haya na ni mzuri hata kwa sisi wa sebuleni: msitaje njia aliyotumia wala sehemu, msilete sababu moja rahisi kama "aliachwa", msilipambe tendo likaonekana la kishujaa au ndo mwisho wa matatizo, na elezeni msaada unapatikana wapi. Vituko vyake simulieni vyote, chekeni, lieni. Ila siku ya kurekodi awepo mtu asiye kwenye kamera ambaye kazi yake ni kuwaangalia nyie, kwa sababu safari hii wageni ni nyinyi.

Swali: Kaka mimi nilishawahi kuwa mgeni kwenye kipindi cha watu, wakakata klipu vibaya mpaka leo inazunguka. Nimewaomba waitoe wananizungusha.

Jibu: Pole dada. Usiombe tena kwa kupiga simu, andika ili ubaki na ushahidi, taja klipu, dakika na unachotaka kitolewe. Piga picha za skrini kila kitu. Wakikaa kimya, mitandao mikubwa ina sehemu ya kulalamikia faragha, jaza mwenyewe, usiwasubiri wao. Na usiijibu ile klipu kwenye komenti, kila komenti inaisukuma ionekane zaidi.

Swali: Na tukiwatania wakubwa? Huyo daktari wa Misri aliishia wapi?

Jibu: Mwaka 2013 aliitwa kuhojiwa na waendesha mashtaka, mwaka 2014 akasitisha kipindi kwa presha za kisiasa, baadaye akahamia Marekani. Sikutishi, nakupa picha kamili. Kutania jambo ambalo mkubwa kalifanya hadharani na kumtuhumu jambo ambalo huna ushahidi nalo ni vitu viwili tofauti, cha pili ndo kinapeleka watu mahakamani hata kikisemwa kwa kucheka. Tafuteni mwanasheria aangalie epsodi kabla haijatoka, na mgeni asiachiwe aseme jina ambalo nyie wenyewe mnaogopa kulisema.

Swali: Mkuu hiyo ya funguo kwenye friji inafanya kazi kweli au ni utani?

Jibu: Inafanya kazi, ila mwambie na unayeishi naye. Wangu aliamka usiku kunywa maji, akakuta funguo, akazitoa "kunisaidia", akaziweka mezani. Asubuhi nikazikuta pale nikaondoka zangu, friji imezimwa tangu jana yake. Nyama ya wiki nzima.