Gia ya Usukani Iliyolegea kwenye Pikapu ya Zamani: Jinsi ya Kuitengeneza

Mkono wa gia ukianza kuzunguka kama mwiko kwenye sufuria tupu, watu wengi hukimbilia kushusha gia boksi. Ni gharama ya bure. Kwenye pikapu zenye gia ya usukani, yaani zenye mkono wa gia kwenye nguzo ya usukani badala ya sakafuni, kama Hilux ya kwanza ya mwaka 1968, Peugeot 404 au Chevrolet C10, ulegevu huo mara nyingi huanzia kwenye pini moja fupi iliyo chini ya usukani. Pini hiyo ikiachwa muda mrefu hula tundu la chuma kinachoishika, na hapo kazi ya nusu siku hugeuka kuwa ya kutafuta nguzo nzima ya usukani, ambayo kwa magari haya haipatikani kirahisi.

Mkono umeshikwa na pini hiyo kwenye kichwa cha nguzo ya usukani. Ukiuvuta kuelekea kwako, mkia wake ulio upande wa pili wa pini husukuma bomba au shafti ya ndani ili kuchagua njia ya gia, yaani jozi ya gia. Ukiupandisha au kuushusha, bomba linazunguka na gia inaingia. Chini kabisa, karibu na boksi ya usukani, kuna vikono viwili, na kila kimoja kimeunganishwa kwa rodi na gia boksi. Kwenye C10 ya gia tatu, kikono kimoja ni cha gia ya kwanza na rivasi, kingine cha pili na tatu. Kwenye pikapu nyingi za Kijapani za gia nne, rodi moja huchagua njia na nyingine huingiza gia. Jua ya kwako ni ipi kabla ya kulegeza chochote.

Tafuta mahali panapocheza

Zima injini, weka gia huru, vuta breki ya mkono na uweke mawe au vigingi mbele na nyuma ya magurudumu. Usiache kuweka mawe, maana rodi zikishafunguliwa gia haishiki gari tena. Mtu mmoja auchezeshe mkono taratibu, mwingine amulike kwa tochi chini ya boneti.

Mkono ukisogea sentimita 3 au 4 kabla kikono cha chini hakijatikisika, ubovu uko juu: pini, tundu lake au mkia. Kikono kikisogea mara moja lakini kile cha gia boksi kikachelewa, ni bushi za rodi, zile pete za kuzuia msuguano. Bomba likiyumba kando badala ya kuzunguka tu, bushi ya chini ya nguzo imekwisha. Vikono vya gia boksi vikifika mwisho na gia bado inagoma, angalia klachi kwanza, kisha gia boksi yenyewe. Angalia pia mpira wa kushikia injini na gia boksi. Nguzo ya usukani imefungwa kwenye bodi, gia boksi imekaa juu ya mipira, kwa hiyo mpira uliokatika huvuta rodi kila unapokanyaga mafuta na gia huruka.

Msidharau ulegevu mdogo wa juu. Mkono wenye urefu wa sentimita 25 kutoka kwenye pini hadi kwenye kirungu, na mkia wa sentimita 2.5, hukuza kila kitu mara 10. Nusu milimita iliyolika mkiani ni milimita 5 kwenye kiganja chako.

Kutoa pini

Ondoa waya hasi wa betri, kwa sababu waya wa honi hupita hapo hapo. Pulizia mafuta ya kulegeza kutu, na kama pini imeshika kutu, iache ilale usiku kucha. Tumia panchi (chuma cha kusukumia pini) nyembamba kidogo kuliko pini. Pini nyingi zina mikwaruzo ya kushikia upande mmoja, hivyo piga upande ulio laini ili ile ya mikwaruzo itangulie kutoka. Upande wa pili wa kichwa, mtu ashikilie nyundo nzito au kipande cha chuma. Kichwa ni cha chuma cha kumwaga kwenye kalibu, kikipigwa bila kuegemezwa hupasuka, na ufa huo hauchomelei vizuri. Mkono ukitoka, ziba kwa kitambaa, maana springi ya kuzuia kelele huruka na kupotea chini ya kiti.

Kupima na kujaza

Pima pini kwa venia (kipimo cha sehemu za milimita) katikati, palipolika, halafu mwishoni, ambapo ni nzima. Tofauti ikizidi milimita 0.2, weka mpya. Usiweke msumari wala bolti yenye nyuzi: nyuzi ni tupa, zitalimaliza tundu ndani ya miezi michache. Kama pini ya dukani haipo, shina la vali kuukuu ya injini ni chuma kizuri sana. Vali nyingi za injini ndogo zina shina la milimita 7 au 8, gumu na laini. Kwa kuwa ni gumu kutoboa, kata mfereji mwembamba mwishoni kwa diski ya grainda, upate pa kuweka kilipu.

Sasa pima tundu, mara mbili, pande zinazopishana. Likiwa limekuwa la yai, pini mpya peke yake haitasaidia. Mfano, tundu la milimita 8 lililofika 8.6: mpe fundi wa mashine ya leti alipanue hadi 10, aingize bushi ya shaba kwa kubana, kisha asafishe ndani ifike 8.05. Kuzunguka tundu jipya kubaki angalau milimita 3 za chuma. Kama hazitabaki, acha bushi, panua kidogo tu na uweke pini nene ya milimita 9.

Mkia uliolika ujazwe shaba kwa gesi, kisha upigwe tupa taratibu, ukijaribisha kila mara. Shaba italika yenyewe badala ya kula kichwa. Chomelea mkono ukiwa mezani, kamwe usiwe kwenye gari. Na wanaouchomelea mkono wote kwenye kichwa ili usicheze wanaharibu gari: mkono usiponyanyuka kwenye pini hauwezi kuchagua njia, na unabaki na gia za upande mmoja tu.

Bushi ya chini ya nguzo inaweza kuchongwa kwa nailoni. Acha nafasi ya milimita 0.1 hadi 0.2, kwa kuwa nailoni hunywa unyevu na kuvimba, na Tanga au Mombasa utaliona hilo haraka. Kwenye ncha za rodi weka bushi mpya na kotapini mpya (pini za kukunja ncha). Vipande vya tyubu badala ya bushi havidumu. Grisi ya kawaida ni ya pini na mkia, usiipake kwenye bushi za mpira, zitaoza.

Kuseti

Fungua rodi zote mbili. Weka vikono vya gia boksi kwenye huru kwa mkono, kisha panga vikono vya nguzo. C10 ina matundu ya kupitisha chuma chembamba ili visimame sawa. Zungusha ncha za rodi nusu mzunguko kwa wakati mmoja hadi ziingie zenyewe bila kulazimishwa. Ukilazimisha, gia itaingia nusu na itaruka kwenye mteremko.

Jaribu gia zote injini ikiwa imezimwa. Kwenye C10: kwako na juu ni rivasi, kwako na chini ya kwanza, mbele na juu ya pili, mbele na chini ya tatu. Mkono ukikwama kabisa, vikono viwili vimetoka kwenye huru kwa pamoja. Usiuvunje kwa nguvu. Hakikisha mawe bado yako kwenye magurudumu, ingia chini, urudishe vikono vyote viwili katikati kwa mkono, kisha seti upya rodi iliyo fupi au ndefu kupita kiasi. Baada ya siku chache za kubeba mzigo, kagua kilipu na kotapini tena.