Shiprock ya New Mexico: namna ya kwenda kuiona bila kuwakosea wenyewe

Mdogo wangu yuko masomoni New Mexico, jimbo la Marekani, juzi kanitumia voisi anauliza, kaka, lile jabali la Shiprock linapandwaje? Nikamjibu halipandwi, linaangaliwa tu, na kuliangalia nako kuna utaratibu wake, basi naandika hapa kabisa ili mtu wa Tanga mwingine akifika huko ajue.

Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani wenye ardhi ile, wanaliita Tsé Bitʼaʼí, mwamba wenye mabawa. Ni koo la volkano ya kale, yaani uji wa moto ulioganda ndani ya njia yake, upepo na mvua vimekula yale ya pembeni limebaki jiwe tupu limesimama kama mita 480 kutoka chini, tena peke yake kwenye tambarare, siyo kama Usambara ambayo ukipita Mombo unaona ukuta mzima wa milima. Wanasimulia zamani watu waliishi juu yake, wanaume wakawa wanashuka kulima na kuteka maji, siku moja radi ikapiga ikaikata njia, wanawake na watoto wakabaki kulekule juu mpaka wakafa. Kwa hiyo ndugu zangu kule juu ni makaburini kwa watu, na kupanda kumepigwa marufuku tangu 1970. Usimsikilize anayekwambia mbona 1939 Wamarekani wanne walifika kileleni.

Kwenda: toka Farmington elekea magharibi mpaka mji wenyewe wa Shiprock, halafu shika barabara ya 491 kwenda kusini, jabali utaliona kulia. Mbele kidogo kunja kulia barabara namba 13, ya lami, utakutana na ukuta mwembamba wa mawe meusi unaotokea kwenye jabali umenyooka kama mtu kaujenga. Simama pembeni hapo jioni jua likiwa linashuka, piga picha zako, inatosha. Zile njia za vumbi za kwenda shinani achana nazo.

Ukiwa pale usiokote hata kijiwe. Mbona Amboni ukikuta sadaka za watu mle pangoni, marashi na sarafu, hutii mkono? Ni vilevile. Droni usirushe bila kibali chao, bia usibebe maana kwenye ardhi yao pombe hairuhusiwi, na ukitaka kumpiga mtu picha muombe kwanza, akikataa shukuru uondoke.

Mafuta jaza mjini na maji ya kunywa weka mengi kwenye gari, pale jabalini hakuna duka.