Noti za Mhadhara Zinazosomeka na Mwanafunzi Asiyeona

Kabla hujazitupa noti kwenye kikundi cha WhatsApp cha darasa, fungua faili ujaribu kuteua neno moja. Likikataa kuteuliwa, hiyo ni picha ya maandishi. Mwanafunzi wa Maseno au Njoro anayesoma kwa programu ya kusoma skrini kwa sauti, kama NVDA kwenye kompyuta au TalkBack kwenye simu, huenda asisikie chochote, kwa kuwa programu hizo zinahitaji herufi zenyewe.

Noti zilizorithiwa fotokopi kwa fotokopi ndizo sugu. Tafuta nakala safi kuliko zote, iskani kwa dpi 300, ukurasa ukiwa umenyooka, kisha uipitishe kwenye programu ya OCR, inayogeuza picha ya maandishi kuwa herufi. Halafu usome tokeo lote: "rn" hugeuka "m", tarakimu 1 huwa herufi l, na safu mbili huunganishwa zikawa maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Kama faili la Word lipo, kuskani ni kujisumbua bure. Tuma hilo.

Ndani ya Word, kukoleza wino wa kichwa hakusaidii. Kipe mtindo wa "Heading 1" au "Heading 2". Hapo mwenye NVDA, akiwa katika hali ya kuvinjari, anabonyeza H na kuruka kichwa hadi kichwa badala ya kusikiliza kurasa 40 akitafuta mada moja. Noti za Kiswahili zina balaa lake: lugha ya faili ikibaki Kiingereza, "pale" husomwa "peil". Bonyeza Ctrl+A, kisha uchague Kiswahili kwenye mipangilio ya lugha. Sauti ya eSpeak inayokuja na NVDA inakijua.

Chini ya mchoro, "grafu ya mvua" haitoshi. Andika inachoonyesha: mvua ya Kisumu, mwezi kwa mwezi, kilele Aprili.

Darasani, "hii ukiileta huku" haimfikii asiyeona. Tamka unachoandika ubaoni: x mraba, jumlisha tatu. Mvua ikipiga mabati, nyamaza kwanza. Wenzake wataendelea kunakili ubaoni, yeye hana pa kunakili.

Mtihani wa Breli upelekwe kuchapwa mapema, maana ukurasa mmoja wa A4 huzaa kurasa mbili au tatu. Ahakiki mtu anayeisoma Breli, wala si aliyeuchapa. Herufi e ni nukta 1 na 5, i ni 2 na 4. Kidole kikiteleza, tembo anakuwa timbo.