Namna ya Kutambua Chanzo cha Vidonda vya Ngozi kwa Mbwa

Mbwa anayejikuna usiku kucha mara nyingi hutafutiwa dawa kabla hajatazamwa, na hapo ndipo mengi huharibika. Magonjwa mbalimbali huishia kwenye wekundu, vipele, usaha na vipara vilevile, kwa hiyo sura ya kidonda peke yake haitoshi. Zingatia zaidi mahali kilipo, na ukumbuke kama mwasho ulianza kabla ya kidonda au baadaye.

Mweke mbwa penye mwanga wa jua, mtu aliyemzoea amshike kichwa, kisha upekue manyoya kinyume cha yalivyolala, kuanzia masikioni, kwapani na tumboni hadi kati ya vidole na chini ya mkia.

Mwasho wa kiunoni, juu ya shina la mkia na nyuma ya mapaja huelekeza kwanza kwa viroboto. Usingoje kumwona kiroboto mwenyewe, kwa kuwa mbwa anayejilamba sana huwameza. Chana sehemu hiyo kwa kitana chenye meno ya karibu, ukung'ute uchafu juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa maji: chembe nyeusi zikitoa rangi ya kahawia yenye wekundu, hicho ni kinyesi cha viroboto, yaani damu ya mbwa wako iliyokwisha kumeng'enywa. Mbwa mwenye mzio wa mate ya kiroboto hujitafuna hadi kutoka damu hata akiumwa mara chache, na kumtibu yeye bila kusafisha anapolala ni kazi bure, kwani mayai na mabuu vimejaa huko.

Kingo za masikio, viwiko na tumbo vikiwa na magamba, na mbwa hatulii kabisa, shuku upele, unaoletwa na utitiri, yaani vijidudu vidogo mno vinavyochimba ngozi. Sugua ukingo wa sikio taratibu. Mguu wa nyuma ukianza kujikuna wenyewe, shaka hiyo imeongezeka uzito. Upele huu huambukiza mbwa wengine, na watu wa nyumbani pia huweza kuwashwa. Utitiri wa Demodex ni tofauti: hukaa ndani ya vinyweleo, huwapata zaidi mbwa wachanga, huacha vipara kuzunguka macho, mdomo na miguu ya mbele, mara nyingi bila mwasho mkali mwanzoni, wala hauambukizi watu. Daktari wa mifugo huthibitisha kwa kukwangua ngozi na kuitazama kwa hadubini. Kipara cha mviringo chenye magamba huenda kikawa choa, kwa hiyo watoto wasimshike mbwa huyo kwanza.

Penye mchanga na vumbi, tazama nyayo: kidoti cheusi katikati ya kiuvimbe cheupe ni tekenya. Jipu lenye tundu dogo ambamo kitu kinajongea lina buu la inzi.

Madoa mekundu tumboni yanahitaji uangalifu wa pekee. Bonyeza doa kwa glasi inayopitisha mwanga. Wekundu ukipotea, huenda ni uvimbe wa kawaida wa ngozi. Ukibaki, damu imevuja chini ya ngozi, jambo linaloweza kutokana na ugonjwa unaoenezwa na kupe. Chunguza pia fizi, na umpeleke kwa daktari siku hiyohiyo.

Manyoya yakipungua sawasawa pande zote mbili bila mwasho, kwa mbwa mtu mzima aliyenenepa na kuzubaa, tatizo laweza kuwa la homoni, wala hakuna sabuni itakayomfaa.

Ninasihi sana: msimpake mbwa oili chafu ya gari. Huunguza ngozi, naye huilamba na kupata sumu. Ivermectin, dawa ya kuua minyoo na utitiri, nayo isitolewe kwa kukisia, kwani mbwa wa jamii ya Collie wanaweza kufa kwa kipimo ambacho wengine hukistahimili.

Andika tarehe dalili zilipoanza na upige picha za vidonda. Usimwogeshe wala kumpaka chochote kabla ya kumpeleka, ili daktari aikute ngozi kama ilivyo.