Mambo ya kuzingatia kabla ya kuandika mwaka kwenye picha ya timu ya zamani ya besiboli ya Wamarekani Weusi

Anayeipata picha ya wanaume kumi au kumi na mmoja waliovaa sare za sufu, wameketi mbele ya pazia la studio na magongo yamepangwa miguuni mwao, kwa kawaida hulitazama shati kwanza, akalilinganisha na shati la timu fulani kubwa, kisha akatangaza mwaka. Katika picha za timu za Wamarekani Weusi za kabla ya 1920 njia hiyo hupotosha kuliko kwingineko, kwa sababu ambayo asili yake ni fedha: nyingi kati ya timu hizo hazikuwa na uwezo wa kushona sare mpya kila msimu, zikavaa zilizokuwapo mpaka zichakae, na nyingine zilivaa nguo ambazo timu za Wazungu zilikwisha kuzitumia. Shati la mtindo wa 1895 laweza kabisa kuonekana katika picha ya 1908. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote mtafiti akubali kanuni moja, kwamba kitu cha zamani kilichomo pichani hakithibitishi chochote, bali kitu kipya kuliko vyote ndicho chenye neno, maana picha haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko kitu hicho.

Kabla ya kuichunguza, picha ishikwe kwa kingo zake, mikono ikiwa mikavu na safi, na isibanduliwe kutoka kwenye kadi iliyogandishiwa hata kama kadi yenyewe imevunjika pembeni. Kadi hiyo ni sehemu ya ushahidi. Ipigwe skani pande zote mbili kwa ukubwa usiopungua nukta 600 kwa inchi, kisha kazi yote ya kukuza na kulinganisha ifanywe kwenye nakala hiyo, na picha halisi irudi kwenye bahasha. Zichukuliwe pia rula na kioo cha kukuzia. Kioo kikionyesha kuwa sura za wachezaji zimeundwa na nukta ndogondogo zilizojipanga, hiyo si picha iliyosafishwa studio bali ni ukurasa uliochapwa kwa mashine, pengine uliokatwa kutoka gazetini au kitabuni. Sol White, aliyekuwa mchezaji na kisha meneja wa Philadelphia Giants, alichapisha mwaka 1907 kitabu cha historia ya mchezo huu miongoni mwa Weusi, chenye picha nyingi, na baadhi yake zinaonyesha timu za miaka ya nyuma kabisa. Anayekutana na ukurasa wake uliokatwa anashika karatasi ya 1907, lakini siku ambayo wachezaji walisimama mbele ya kamera ni swali jingine. Anayetaka kununua awe pia na taa ya miale ya urujuanimno, kwa kuwa karatasi inayong'aa kwa weupe mkali chini ya taa hiyo ina kemikali zilizoanza kutiwa kwenye karatasi za picha karibu na miaka ya 1950, na hakuna mchezaji wa 1890 aliyechapishwa juu ya karatasi hiyo.

Baada ya hapo kitazamwe kile ambacho picha imechapishwa juu yake. Kadi ndogo ya takriban inchi mbili na nusu kwa nne ilienea Marekani kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1860. Kadi kubwa zaidi, ya takriban inchi nne na robo kwa sita na nusu, ilianza kutumika mwaka 1866 na ikadumu hadi mwanzoni mwa karne ya 20, na picha nyingi za timu za miaka ya 1880 na 1890 ziko juu ya kadi ya namna hiyo, jina la studio na la mji likiwa limepigwa chini yake. Kisha ikaja postikadi ya picha halisi, iliyopata nguvu baada ya kampuni ya Kodak kutoa mwaka 1903 kamera ambayo negativu yake, yaani filamu yenye taswira ya kinyume ambayo nakala huchapishwa kutoka kwayo, ilikuwa na ukubwa wa postikadi, hivyo hata timu ya kijijini iliweza kupigwa picha na jirani yake, na kila mchezaji akaondoka na nakala. Postikadi hizo zina faida kubwa: kabla ya tarehe 1 Machi 1907 sheria za posta za Marekani ziliruhusu anwani peke yake upande wa nyuma, na baada ya tarehe hiyo upande huo ukagawanywa kwa mstari, nusu ya ujumbe na nusu ya anwani. Nimewahi kuuziwa postikadi moja ambayo muuzaji aliandika nyuma yake, kwa mkono wa kujiamini sana, kwamba ni ya mwaka 1890. Kola za wachezaji zilikuwa pana na zimekunjwa, kweli za kizamani, na nilimwamini mpaka nilipogeuza kadi na kuona kwamba maneno yake yalikuwa yameandikwa moja kwa moja juu ya mstari unaogawanya nusu mbili.

Picha ya bati inahitaji tahadhari ya peke yake. Ilipigwa moja kwa moja juu ya bamba la chuma bila negativu, kwa hiyo inaonyesha kila kitu kinyume kama kioo cha kujitazamia: herufi za kifuani zinasomeka kutoka kulia kwenda kushoto, vifungo vimehamia upande mwingine, na mrushaji wa mkono wa kulia anaonekana kuwa wa kushoto. Kabla ya kuandika kwamba fulani alitumia mkono wa kushoto, igeuzwe nakala kwenye kompyuta na isomwe upya.

Rangi nazo zisikisiwe kwa macho. Bamba na filamu za karne ya 19, na nyingi za miongo ya mwanzo ya karne iliyofuata, zilihisi mwanga wa buluu vizuri sana na wa nyekundu kidogo mno au bila kuuhisi kabisa, ndiyo maana anga katika picha hizo ni jeupe tupu. Matokeo yake ni kwamba soksi nyekundu hutoka nyeusi tititi, huku kofia ya buluu ikififia hadi kuwa kijivu chepesi, na mtu aliyezoea picha za leo atazitafsiri kinyume. Rangi itafutwe kwenye maandishi, kwani waandishi wa magazeti wa enzi hizo walipenda kueleza sare za timu ngeni iliyoingia mjini, kisha picha itumike kuangalia kama maelezo hayo yanawezekana.

Sasa sare yenyewe inaweza kuulizwa maswali. Suruali ndefu zinaashiria miaka ya 1860 au timu isiyo na fedha. Suruali zinazoishia chini ya goti pamoja na soksi ndefu zilipata umaarufu kupitia Cincinnati Red Stockings, ambayo mwaka 1869 ilikuwa timu ya kwanza ya wazi ya kulipwa. Shati lenye kipande cha kitambaa kilichofungwa kwa vifungo kifuani kama ngao ni la mwanzo, na lile la kufungwa kwa kamba lilitumika sana katika miongo ya 1870 na 1880. Suruali zilizoshonewa pamba magotini, ambazo huonekana kama zimevimba, zinapatikana mara nyingi kati ya miaka ya 1880 na mwanzoni mwa 1900. Kola ya kukunjwa ilitawala hadi New York Giants, timu ya Wazungu ya ligi kubwa, walipovaa shati lisilo na kola mwaka 1906, na baada ya hapo kola fupi ya kusimama ikashika kwa muda kabla ya kola kutoweka kabisa. Namba mgongoni zilianza kuwa jambo la kudumu katika ligi kubwa za Wazungu mwaka 1929 na New York Yankees, na zipu ilionekana kwa Chicago Cubs mwaka 1937. Miaka yote hii ni ya kuanza. Hakuna hata mmoja unaosema vazi fulani liliachwa lini na timu ya wahudumu wa hoteli au ya kanisa la mtaani.

Vifaa vilivyo chini ya miguu ya wachezaji mara nyingi husema ukweli kuliko nguo, kwa sababu glovu huchakaa haraka na hununuliwa na mchezaji mwenyewe. Barakoa ya mdakaji ilibuniwa Harvard katika miaka ya 1870 na kupewa hataza mwaka 1878. Glovu yenye wavu wa kamba kati ya kidole gumba na cha shahada ilitokana na wazo la mrushaji Bill Doak na ikaingia sokoni mwaka 1920, kwa hiyo glovu hiyo moja tu, hata ikiwa nusu yake imefichwa na goti la mtu, inaangusha kila mwaka ulio kabla ya huo. Kinga za ugoko zina kisa chake. Katika ligi za Wazungu huhesabiwa kuanzia 1907, mdakaji Roger Bresnahan alipozivaa hadharani. Hata hivyo Frank Grant, mchezaji Mweusi aliyelinda kituo cha pili kwa timu ya Buffalo katika miaka ya 1880, anakumbukwa kwa kujikinga miguu kwa mbao, kwa sababu wakimbiaji Wazungu walimrukia makusudi na njumu zao. Anayeona kitu kigumu kimejaza soksi ya mlinzi wa kituo cha pili katika picha ya zamani asikimbilie kusema picha ni ya baada ya 1907.

Kabla ya kusoma jina la kifuani kama jibu, izingatiwe kwamba majina yaliazimwa, yakaibwa na kugombewa mahakamani. Timu ya kwanza ya kulipwa ya Wamarekani Weusi inayojulikana vyema iliundwa mwaka 1885 kutokana na wahudumu wa hoteli ya Argyle huko Babylon, New York, ikaitwa Cuban Giants ingawa wachezaji wake hawakuwa Wacuba. Mwaka 1896 kundi la wachezaji likajitenga na kuitwa Cuban X-Giants, na mwenye timu ya zamani akaanza kuitangaza yake kuwa ndiyo halisi. Neno Giants likaenea kwenye timu nyingi za Weusi nchini kote, kwa hiyo peke yake halitambulishi mtu. Kuna majina, hata hivyo, ambayo ni zawadi kwa mtafiti. Page Fence Giants wa Adrian, Michigan, waliodhaminiwa na kiwanda cha uzio wa waya, walidumu kuanzia 1895 hadi 1898 tu, na Leland Giants wa Chicago wanaangukia kati ya 1905 na 1910. Herufi B pekee kifuani iogopwe: huenda si mji, bali ni hoteli ya Breakers ya Palm Beach, Florida, ambako wachezaji bora wa kaskazini walikwenda majira ya baridi kuchezea hoteli hiyo au jirani yake Royal Poinciana, wakavaa sare ambazo hazina uhusiano na timu zao za kiangazi.

Ikiwa hata nyuso mbili au tatu zinatambulika, hesabu inakuwa fupi kwa namna ya kufurahisha, maana mikataba haikuwa na nguvu na wachezaji walihama karibu kila msimu. Rube Foster, mrushaji na meneja Mweusi, alikuwa Leland Giants kuanzia 1907 hadi 1910. John Henry Lloyd, mchezaji mwingine Mweusi, alikuwa Philadelphia Giants hadi 1909, akajiunga na Leland Giants mwaka 1910, na mwaka 1911 alikuwa Lincoln Giants wa New York. Picha yenye wote wawili ndani ya sare ya Leland ni ya 1910, na hakuna kola inayoweza kubishana na hilo. Ulinganisho wa nyuso ufanywe kwa masikio na mstari wa nywele, si kwa mkao au masharubu, na kila mwanamume Mweusi anayeonekana katikati ya timu ya Wazungu asiitwe Moses Fleetwood Walker, mdakaji Mweusi wa miaka ya 1880 aliyecheza katika timu za Wazungu, kwa kuwa tu ndilo jina linalofahamika. Bud Fowler, mchezaji mwingine Mweusi, alikuwa katika timu ya Keokuk, Iowa, mwaka 1885, na katika picha ya timu ya chuo cha Oberlin ya 1881 Walker yumo pamoja na mdogo wake Weldy. Pia yapo mambo machungu: kijana Mweusi aliyevalishwa sare ya kupendeza na kuketishwa mbele huenda hakuwa mchezaji, bali alichukuliwa kama hirizi ya timu, kama Clarence Duval alivyozungushwa na timu ya Chicago katika ziara ya dunia ya 1888 na 1889. Hilo liandikwe lilivyo.

Kabla ya kufunga kazi, anwani ya studio iliyo kwenye kadi itafutwe katika vitabu vya anwani vya jiji husika mwaka baada ya mwaka, kwani wapiga picha walihama mara kwa mara na mtaa mmoja waweza kubana picha ndani ya miaka miwili au mitatu. Katika miji mingi vitabu hivyo viliweka alama pembeni ya majina ya Weusi, alama ya kudhalilisha ambayo leo ndiyo inayomwezesha mtafiti kumpata mrushaji aliyekuwa kinyozi au mbeba mizigo wa reli siku za kazi. Magazeti ya Weusi wenyewe yatangulie: Cleveland Gazette tangu 1883, Indianapolis Freeman tangu 1888, Chicago Defender tangu 1905. Sehemu ya magazeti ya enzi hizo husomeka bure kwenye tovuti ya Maktaba ya Bunge ya Marekani, ila mtafutaji atumie tahajia za wakati ule, akikumbuka kwamba jina la mchezo huu liliandikwa kwa maneno mawili, base ball, na timu iliitwa kwa idadi ya wachezaji wake, nine.

Matokeo yaandikwe kwa penseli laini kwenye bahasha, kamwe si nyuma ya picha, na yawe na miaka miwili badala ya mmoja pamoja na sababu ya kila mpaka, kwa mfano: si kabla ya 1907, kwa mstari wa postikadi, si baada ya 1910, kwa jina la Leland.