Griini ya nyasi bandia nyuma ya nyumba: kazi kubwa iko chini ya kapeti

Kwa mwenye nyumba yake Marekani, awe Dallas, Texas, au Minneapolis, Minnesota, griini ndogo ya kufanyia mazoezi ya gofu, yaani uwanja laini wenye tundu la kusukumia mpira, ni kazi ya watu wawili na mashine moja ya kushindilia ya kukodi. Wengi humaliza bajeti kwenye nyasi, halafu msingi wanaufanya kwa kubahatisha. Mpira hauoni bei ya nyasi. Unafuata kila bonde na kifundo kilichoachwa chini yake.

Tuchukue mfano wa futi 12 kwa 20. Marobota mengi ya nyasi hizi yana upana wa futi 12 au 15, kwa hiyo hapa hakuna haja ya kuunganisha vipande, na kiungo ndicho mahali pa kwanza pa kuharibika.

Kama mtaa wenu una HOA, yaani chama cha wenye nyumba kinachosimamia kanuni za mtaa, omba kibali kwa maandishi na ambatisha mchoro. Kisha piga 811, namba ya huduma ya kuonyesha mabomba na nyaya zilizo ardhini, siku kadhaa za kazi kabla ya kuchimba, ni bure. Watakuja kuchora rangi ardhini: njano ni gesi, nyekundu umeme, buluu maji safi, kijani maji taka, rangi ya chungwa simu na intaneti. Mabomba yako binafsi, kama ya kunyunyizia bustani, hawayachori. Hayo yatafute mwenyewe.

Ondoa nyasi, mizizi na udongo kwa kina cha inchi 4 au zaidi kidogo. Udongo uliochimbwa huvimba, utapata karibu yadi 4 za ujazo, na mara nyingi pipa la taka la nyumbani haliruhusiwi kuubeba. Jua mapema utaupeleka wapi. Shindilia sakafu ya shimo, kisha tandika kitambaa cha kutenganisha udongo na kokoto. Kwenye mfinyanzi wa Texas kitambaa hiki si cha kuruka, kwa sababu udongo ule hulainika ukilowa na kumeza kokoto. Minnesota adui ni barafu: maji yaliyonaswa chini huganda na kuinua griini. Huko chimba inchi 6 hadi 8, kina cha ziada ukijaze kokoto, na uhakikishe maji yana pa kutokea.

Juu ya kitambaa weka inchi 3 za kokoto zilizochanganyika na vumbi lake, kisha inchi 1 ya vumbi la mawe peke yake. Kwa eneo letu, shimo likiwa la inchi 4, agiza takribani tani 4 za kokoto na tani 1 na robo ya vumbi, ukihesabu na kile kinachopungua kwa kushindiliwa. Usimwage zote kwa mpigo. Weka tabaka lisilozidi inchi 2, nyunyiza maji, pitisha mashine mara kadhaa, ndipo uongeze. Kipimo cha unyevu ni mkono: ukifinya vumbi lishikane bila kuchuruzisha maji. Likiwa kavu halishiki, likiwa tope mashine inalisukuma pembeni.

Mteremko uwe asilimia 1 hadi 2, ukielekea mbali na ukuta wa nyumba; asilimia 1 kwa futi 20 ni inchi 2.4. Vilima vidogo vinaruhusiwa, ila kuzunguka tundu acha futi 3 zisizozidi asilimia 3, la sivyo mpira hautasimama. Laza ubao ulionyooka wa futi 8 kila upande. Mahali unapoona mwanga unaozidi milimita 3 chini yake, kwangua au jaza. Kanyaga kwa kisigino: ikibaki alama, rudisha mashine.

Kikombe cha tundu kina kipenyo cha inchi 4.25 kwa kanuni za gofu. Kifunge kwa zege kidogo juu ya changarawe ya kupitisha maji, mdomo ukiwa sawasawa na msingi. Ukizidi, nyasi zitafanya mdomo kama wa chungu na mpira utakwepa.

Nyasi zitandaze juani saa chache ziachie mikunjo. Kata kwa upande wa mgongo, kwa kisu chenye wembe mpya. Pale kwenye tundu anza kukata katikati ukitoka nje kidogo kidogo, maana ukishapitiliza hakuna kurudi. Kingo zipigilie misumari ya mabati ya inchi 5 au 6, mmoja kila inchi 6, huku ukipanua nyuzi kwa vidole ili kichwa kisizikamate.

Nyasi za polipropilini, plastiki ya bei nafuu, zinahitaji mchanga wa silika mkavu, karibu mifuko 10 hadi 14 ya ratili 50. Za nailoni huhitaji kidogo au hazihitaji kabisa, lakini bei yake iko juu. Mchanga umwagwe siku kavu, tabaka jembamba, ukifagiliwa kinyume na mlalo wa nyuzi. Ukiloa unagandamana juu badala ya kuzama. Kadiri nyuzi zinavyojaa na kushindiliwa, ndivyo mpira unavyokimbia. Anza na mchanga kidogo, kwani kuongeza ni rahisi kuliko kutoa.

Jiko la nyama choma likae mbali kabisa, cheche moja ya mkaa inaacha tundu lisilozibika. Tazama pia madirisha: vioo vya kisasa vya kuzuia joto hurudisha jua kwa ukali wa kuyeyusha nyuzi, na dawa yake ni wavu wa nje wa dirisha. Mkiweka hema la sherehe, msichome vigingi ndani ya griini. Tumieni mifuko ya mchanga. Majani yapulize kabla hayajaoza, na theluji iache iyeyuke yenyewe, kwa sababu koleo la chuma hung'oa nyuzi.